Maegesho ya Wazazi Wenye Vigari vya Watoto: Hisani au Haki?

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi kwa kuwa si yeye aliyeubeba. Methali hii ilinijia akilini mwaka jana katika maegesho ya magari ya jengo moja la maduka jijini Nairobi. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu, ambaye mwanawe alikuwa na umri wa miezi mitatu. Tuliporejea kutoka dukani tulikuta magari mawili yameegeshwa kulia na kushoto kwa gari letu, kila moja ndani ya mistari yake, bila kosa lolote. Hata hivyo, mlango wa nyuma ulifunguka shubiri moja u nusu tu. Kiti cha mtoto hakikupita. Ilibidi dada anikabidhi mtoto, apenye kwa ubavu hadi kwenye usukani, kisha alirudishe gari kinyumenyume hadi katikati ya njia, huku mimi nimesimama kando na mtoto kifuani na madereva wengine wakipiga honi. Baadaye tuliyacheka hayo, lakini swali moja halikunitoka: angefanyaje iwapo angekuwa peke yake? Angemweka wapi mtoto huyo wakati akilitoa gari?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Katika nchi kadhaa za ng'ambo limejibiwa kwa kuchora nafasi pana zaidi katika maegesho ya umma kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo na vigari vyao. Makala yanadhamiria kueleza nafasi hizo ni nini, kwa nini zilihitajika, zina nguvu gani kisheria, na zimezua migogoro ipi. Hatimaye yatauliza kama jambo hili lina maana yoyote kwetu Kenya, ambako kina mama wengi hawana gari wala kigari. Katika yote hayo tutaongozwa na swali la kichwa: je, nafasi hizi ni hisani au ni haki?

Maegesho, Kigari na Mbeleko

Si vibaya kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha aghalabu hutunza fikra ambazo watumiaji wake wamezisahau. Kitenzi egesha kina undugu na egama na egemea. Hutumika kwa chombo cha baharini kinapoletwa kando ya gati, na leo hutumika zaidi kwa gari. Kuegesha, basi, ni kukiweka kitu karibu na kingine. Ndani ya neno lenyewe mna dhana ya ujirani: anayeegesha huegesha kando ya mtu, na namna alivyoegesha humgusa jirani yake.

Neno kigari ni udogo wa gari, nalo gari tumelipokea kutoka Bara Hindi. Kigari cha mtoto chenyewe ni chombo cha wakwasi kwa asili yake. Mnamo mwaka 1733 msanifu William Kent wa Uingereza alimbunia Mtawala wa Devonshire kigari cha watoto wake, ambacho kilivutwa na mnyama mdogo. Kwa muda mrefu baadaye vigari viliendelea kuwa vizito na vya kifahari. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1965, wakati mhandisi wa ndege Owen Maclaren, ambaye hapo awali alikuwa ameshughulikia magurudumu ya ndege za kivita aina ya Spitfire, alipobuni kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Kilikuwa na uzito wa takriban kilo 3. Tangu hapo kigari kiliweza kuingia ndani ya buti ya gari, na safari ya mzazi ikagawanyika sehemu mbili: ya gari na ya kigari. Nafasi tunayoizungumzia ni ile ya makutano ya sehemu hizo mbili.

Kwa upande wetu, chombo cha kumbebea mtoto kina jina lake la kale: mbeleko. Hii ni nguo ya kumfungia mtoto mgongoni, na kitenzi chake ni beleka. Lakini neno hili lina maana nyingine inayostahili kutazamwa. Katika desturi za ndoa za Waswahili, mbeleko ni jina la ada anayopewa mama wa bibi harusi, kama vile kilemba na mkaja navyo vilivyo majina ya ada. Kijana anayeposa hulipa kwa sababu bibi harusi wake aliwahi kubebwa. Jamii iliyobuni ada hiyo ilikiri waziwazi kwamba kumbeba mtoto ni kazi, kwamba kazi hiyo ina gharama, na kwamba wanaofaidika nayo baadaye wana deni. Tutairudia fikra hii mwishoni.

Hesabu ya Mlango

Watu wengi hudhani kuwa nafasi za wazazi zimewekwa karibu na mlango wa duka ili kuwapunguzia wazazi mwendo. Kumbe jambo la kwanza ni upana, wala si ukaribu. Nchini Uingereza nafasi ya kawaida ya kuegesha gari imezoeleka kuwa na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.8. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika la Transport & Environment ya Januari 2024, gari jipya la wastani barani Ulaya lilikuwa limefikia upana wa sentimita 180 hivi katika mwaka 2023, na magari yamekuwa yakiongezeka upana kwa takriban sentimita 1 kila baada ya miaka miwili. Tukiyaegesha magari mawili ya aina hiyo katikati ya nafasi zao, sentimita 60 tu hubakia baina yao. Mtu mzima akiwa peke yake huweza kupenya humo. Mtu aliyeshika kiti chenye mtoto ndani yake hawezi, kwa kuwa mlango wa nyuma ukifunguliwa wazi kabisa huhitaji takriban mita 1.

Sheria nayo imeongeza uzito wa kazi hiyo. Tangu tarehe 18 Septemba 2006, sheria ya Uingereza inamtaka mtoto asafiri katika kiti maalum hadi afikishe umri wa miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lipi litakalotangulia. Sheria hii huokoa maisha. Hata hivyo, ina maana kuwa mzazi hawezi tena kumpokea mtoto dirishani au kumpakata. Ni sharti ainame ndani ya gari, afunge au afungue mikanda, amnyanyue mtoto na amtoe bila kumgonga kichwa. Yote hayo huhitaji mikono miwili, mlango uliofunguka na ardhi tambarare ya kukisimamishia kigari. Kwa mama ambaye bado anauguza kidonda cha upasuaji wa uzazi, kujipinda katika upenyo wa sentimita 60 ni adhabu.

Ukaribu una sababu yake pia, ingawa ni sababu nyingine. Dereva anayerudi nyuma huona kwa shida kitu kilicho chini ya kioo chake, na mtoto wa miaka miwili au mitatu yumo katika kimo hicho. Kadiri mwendo wa kutoka garini hadi mlangoni unavyokuwa mfupi, au unavyopita kwenye njia ya miguu badala ya njia ya magari, ndivyo hatari inavyopungua. Kwa hiyo nafasi ya mwisho kabisa, iliyo mbali na mlango lakini kando ya njia salama ya miguu, inaweza kumfaa mzazi kuliko ile iliyo mlangoni ambapo magari hupishana bila kukoma.

Je, upana huu unagharimu kiasi gani? Nafasi ya mtu mwenye ulemavu nchini Uingereza hupatikana kwa kuongeza ukanda wa mita 1.2, uliochorwa mistari ya mshazari, kando ya nafasi ya kawaida. Tukiufuata mfano huo kwa kila gari tutapata nafasi za mita 3.6, na mahali palipokuwa na nafasi 3 patabaki na 2. Lakini nafasi mbili zikishiriki ukanda mmoja ulio baina yao, zitachukua mita 6 tu kwa pamoja. Mita 12 zilizotosha nafasi 5 za kawaida zitatosha nafasi 4 pana. Mwenye maegesho hupoteza nafasi moja katika kila tano anazozipanua, wala hapotezi kitu katika zile asizozigusa.

Uingereza: Hisani Isiyo na Sheria

Nchini Uingereza nafasi za wazazi na watoto zimeenea hasa katika maegesho ya supamaketi kubwa. Zina mchoro wa mtu mzima na mtoto, au wa kigari, na kila dereva huzitambua. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba hakuna sheria ya taifa iliyoziumba. Zinatofautiana kabisa na nafasi za watu wenye ulemavu, ambazo chimbuko lake ni sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1970 na kuzaa utaratibu wa kadi maalum, ambayo sasa ni ya rangi ya buluu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humlazimu mtoa huduma kufanya marekebisho ya kuridhisha kwa ajili ya mteja mwenye ulemavu. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya uja uzito na uzazi, na katika utoaji wa huduma kinga hiyo huendelea kwa majuma 26 baada ya kujifungua. Lakini kukataza ubaguzi ni jambo moja na kulazimisha marekebisho ni jambo jingine. Wajibu wa marekebisho haukuwekwa kwa wazazi.

Matokeo yake ni kwamba dereva anayeegesha katika nafasi ya wazazi bila mtoto hajatenda jinai. Mwenye duka ana njia moja tu, nayo ni mkataba. Bango lililosimamishwa mahali pa wazi huhesabiwa kuwa masharti, na dereva anayeegesha huhesabiwa kuwa ameyakubali. Nguvu ya mabango ya namna hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwezi Novemba 2015, katika kesi ya kampuni ya ParkingEye na Barry Beavis. Bwana Beavis alikuwa ameegesha katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford kupita saa 2 zilizoruhusiwa, akatozwa pauni 85. Mahakama iliamua kuwa tozo hiyo ilikuwa halali. Kesi hiyo haikuhusu wazazi, ila msingi wake ndio unaotumika pia kwa nafasi zao. Kwa upande mwingine, kuyafunga magari minyororo katika ardhi za watu binafsi kulipigwa marufuku katika Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 2012. Katika maegesho yanayomilikiwa na halmashauri za miji, halmashauri yenyewe inaweza kuandika masharti ya matumizi katika agizo rasmi chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1984, na nguvu ya nafasi hutegemea yaliyoandikwa humo.

Kwa ufupi, nafasi ya wazazi nchini humo husimama juu ya nguzo mbili: bango na aibu. Bango likiwa na maneno butu, au mwenye duka akichelea kumuudhi mteja, hubakia aibu peke yake. Na aibu, kama tujuavyo, haimshiki kila mtu kwa nguvu moja. Ndiyo maana ugomvi juu ya nafasi hizi hauishi. Yupo anayeegesha kwa dakika mbili akanunue gazeti. Yupo mzazi aliyekuja na kijana wa miaka 11 anayetembea na kufunga mkanda mwenyewe. Yupo mjamzito ambaye mtoto wake hajazaliwa. Yupo babu aliyemwacha mjukuu nyumbani lakini kiti chake kimo garini. Kila mwenye duka hujiwekea masharti yake, na penye masharti mengi kila mtu huchagua linalomfaa.

Kigari na Kiti cha Magurudumu

Mgogoro mzito zaidi si ule wa mzazi na dereva mzembe. Ni ule wa wahitaji wawili wanaotazamana mbele ya nafasi moja. Mfano ulio bayana haukutokea katika maegesho bali ndani ya basi. Mwezi Februari 2012 Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ya viti vya magurudumu ilikuwa imeshikwa na mama mwenye kigari ambamo mtoto alikuwa amelala. Dereva alimwomba mama huyo akikunje kigari au asogee. Mama akasema kigari hakikunjiki. Bwana Paulley aliachwa kituoni akingoja basi la baadaye.

Kesi yake dhidi ya kampuni ya FirstGroup ilifika Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatolewa tarehe 18 Januari 2017. Majaji walieleza kuwa haitoshi dereva kuomba na kisha kunyamaza akikataliwa. Iwapo anaona kukataa huko si kwa haki, anapaswa kuchukua hatua zaidi, ikiwemo kulisimamisha basi kwa dakika kadhaa ili kumshinikiza anayekaidi. Hata hivyo, mahakama haikufika mahali pa kusema kuwa abiria huyo ashushwe kwa nguvu.

Kesi hii inatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mahitaji ya mzazi ni ya kweli lakini ni ya muda. Mtoto hukua, kigari hukunjwa, na mwaka wa tatu au wa nne mzazi hurejea katika umati wa wasio na mzigo. Ulemavu kwa wengi hauna tarehe ya kwisha. Kwa hiyo nafasi ya mzazi haipaswi kumegwa kutoka nafasi ya mtu mwenye ulemavu, na wawili hao wakikutana, mwenye kigari ndiye apishe. La pili ni kwamba mama yule hakuwa adui. Naye alikuwa na mtoto aliyelala na mahali pa kukaa palipokuwa na upana wa mtu mmoja. Aliyewagombanisha ni aliyelipima basi kwa kudhani kuwa kati ya abiria wake wote ni mmoja tu atakayekuja na magurudumu.

Italia na Korea Kusini: Nguvu ya Sheria na Nguvu ya Jina

Nchini Italia hisani imegeuzwa kuwa sheria. Kwa miaka mingi miji mbalimbali ya huko ilichora nafasi za rangi ya waridi kwa ajili ya waja wazito na wazazi wa watoto wachanga, lakini dereva mkaidi hakuweza kutozwa faini kwa kuwa kanuni za barabara hazikuzitaja. Agizo la serikali la mwezi Septemba 2021, lililothibitishwa na Bunge mwezi Novemba mwaka huohuo, liliingiza kifungu kipya katika kanuni hizo. Tangu hapo mji unaweza kutenga nafasi hizo rasmi na kutoa kibali kwa mjamzito au kwa mzazi wa mtoto asiyezidi miaka 2, na anayezitumia bila kibali hutozwa faini. Tuangalie namna kifungu hicho kinavyojibu maswali yaliyowashinda Waingereza. Mjamzito amo. Mtoto wa miaka 11 hamo. Mwisho wa haki unajulikana, kwa hiyo hapana haja ya kubishana mlangoni.

Jijini Seoul, Korea Kusini, fundisho ni la aina nyingine. Mwaka 2009 serikali ya jiji ilianza kuchora nafasi za rangi ya waridi zilizoitwa za wanawake. Nia ilikuwa njema, lakini jina lilizua malalamiko. Baba aliyekuwa na mtoto mchanga hakuruhusiwa na jina hilo, ilhali mwanamke asiye na mtoto wala mzigo aliruhusiwa. Isitoshe, wapo waliosema jina hilo liliwadhalilisha wanawake kwa kudokeza kuwa hawajui kuendesha gari. Mwaka 2023 jiji lilianza kuzibadilisha nafasi hizo ziwe za familia, kwa ajili ya wajawazito, wenye watoto wadogo na wengine wanaohitaji kusaidiwa katika safari. Lami ilikuwa ileile na upana uleule. Kilichobadilika ni neno, na pamoja na neno wakabadilika wenye haki.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kulipita jambo hili upesi. Tukitafsiri bango la maegesho kwa kuandika "Kina Mama Pekee", tutakuwa tumemfungia nje baba, nyanya, shangazi na yaya, ambao katika nchi yetu ndio wanaomshika mtoto sehemu kubwa ya siku. Tukiandika "Wazazi Pekee", tutakuwa tumempa haki mzazi wa kijana aliye chuo kikuu. Kiswahili kina neno mlezi, ambalo hupatana zaidi na ukweli wa malezi yetu. Bora zaidi, nadhani, ni kulitaja lile lenye kuleta haki yenyewe, yaani uwepo wa mtoto: "Mwenye Mtoto Mchanga". Mtu ambaye hana mtoto mkononi wakati huo hataweza kulisoma bango hilo akajiona ndani yake.

Hali Nchini Kenya

Msomaji anaweza kuuliza, na kwa haki, yote haya yanatuhusu nini. Wakenya wengi husafiri kwa miguu, kwa bodaboda na kwa matatu. Tangu kanuni za usafiri wa umma zilipoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004, kila abiria wa matatu alitakiwa kuwa na kiti na mkanda wake, lakini mtoto mchanga aliendelea kupakatwa. Mama akishuka kituoni hukutana na ukingo mrefu wa barabara, mtaro usiofunikwa, bidhaa za wachuuzi na pikipiki zilizopanda njia ya miguu. Mwenye kigari hapo hawezi kwenda hatua 20 bila kukinyanyua. Mbeleko hushinda kigari katika mazingira hayo, wala si kwa sababu ya kushikilia mila. Huacha mikono miwili huru, haichukui nafasi ndani ya gari, na haihitaji lami. Kwa hiyo kuchora nafasi za vigari katika majengo ya maduka kunaweza kuonekana kuwa kumwongezea shibe aliyeshiba.

Pingamizi hili lina uzito, ila halikamiliki. Sheria zetu zimekwisha kukubali kuwa ulezi wa mtoto mchanga una madai juu ya jamii nzima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mama likizo ya miezi 3 na baba majuma 2. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilimtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na katika Kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Tunavyoona, nyumbani pametajwa na kazini pametajwa. Njia iliyo baina ya hapa na pale ndiyo iliyosahauliwa.

Zaidi ya hayo, ipo safari moja ambayo kila mtoto wa Kenya anatakiwa kuifanya, awe wa tajiri au wa maskini. Ni safari ya kliniki. Kwa mujibu wa ratiba ya kitaifa ya chanjo, baada ya zile anazopewa anapozaliwa, mtoto hurudishwa akiwa na majuma 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari 5 kwa uchache, na ya kwanza huja kabla mama hajapata nguvu zake zote. Mama huyo hufika kwa tuktuk, kwa teksi, kwa gari la jirani au kwa bodaboda. Mara nyingi hushushwa langoni, nje, penye msongamano, kwa sababu nafasi zilizo karibu na mlango zimetengewa magari ya wakubwa wa hospitali. Hapa ndipo swali la maegesho linapoacha kuwa la wenye magari peke yao. Swali ni hili: mahali palipo karibu kabisa na mlango wa kliniki ya watoto pamepimwa kwa ajili ya nani?

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanaweza kufanywa pasipo kungoja Bunge. Kwanza, kila hospitali na zahanati yenye kliniki ya watoto itenge, kando ya mlango huo, mahali pa kushushia na kupakilia ambapo gari lolote, hata tuktuk, laweza kusimama kwa dakika chache, pakiwa na mteremko badala ya ngazi. Mteremko huo utamfaa mwenye kiti cha magurudumu, mzee na mwenye kigari kwa pamoja. Pili, maegesho ya umma na ya majengo ya maduka yafuate ile hesabu ya nafasi 4 mahali pa 5, angalau kwa safu moja iliyo kando ya njia ya miguu, bila kugusa nafasi za watu wenye ulemavu. Tatu, masharti yaandikwe katika bango, kwa Kiswahili kinachoeleweka, yakitaja umri wa mtoto na tozo ya anayekaidi. Bango lisilotaja lolote kati ya hayo humwachia bawabu kazi ya kubishana na mwenye gari kubwa, na tunajua aghalabu nani hushinda mabishano hayo.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama nafasi hizi ni hisani au haki. Mifano tuliyoipitia inaonyesha kuwa jibu hutegemea kilichoandikwa. Nchini Uingereza zimebakia hisani ya mwenye duka. Nchini Italia zimekuwa haki yenye mwanzo na mwisho. Jijini Seoul jina lilibadilishwa ili haki imfikie aliyekusudiwa. Kwetu Kenya bado hazijawa hili wala lile, isipokuwa pale mwenye jengo alipoona vema.

Wazee wetu waliokubaliana juu ya ada ya mbeleko hawakuiita hisani. Ilihesabiwa na kudaiwa, kwa sababu walijua kuwa hapana mtu aliyefika ukubwani bila kubebwa. Pia walituonya tusimtukane mkunga na uzazi ungalipo. Dereva anayepiga honi leo alibebwa jana, na huenda kesho akasimama katikati ya njia na mtoto kifuani.

Mistari ya maegesho huchorwa kwa rangi, na rangi hufifia. Kila baada ya miaka michache fundi huja na kamba, kopo na brashi kuichora upya. Siku hiyo kuisogeza mistari hakugharimu zaidi ya kuirudia ilipokuwa. Ndiyo siku ya kumwendea msimamizi wa jengo, wa hospitali au wa chuo, na kumwomba apime mlango kwanza kabla ya kupima gari.